Glasi mbili mbili: nilivyojifunza kutofautisha wiski za Uskoti

Nafanya kazi ya uuguzi hapa Glasgow, huu ni mwaka wa nne, na miaka mitatu ya mwanzo sikugusa wiski hata mara moja. Nyumbani Mwanza niliijua kama kinywaji cha wakubwa, ile Johnnie Walker inayowekwa meza kuu kwenye harusi na kuchanganywa na soda. Halafu wenzangu kazini wakaninunulia zawadi ya siku ya kuzaliwa: chupa ya Laphroaig ya miaka 10. Nikafika nayo nyumbani, nikamimina kama ninavyomimina juisi, nikapiga funda kubwa.

Nilidhani imeharibika. Ilinuka chumba cha vidonda: ayodini, shashi, moshi. Nikaifunga, nikaiweka juu ya kabati.

Kesho yake nikamuuliza mwenzangu mmoja kwa upole kama chupa ile iko sawa. Akaniambia iko sawa kabisa, na wanaoipenda wanaipendea harufu hiyohiyo. Jibu hilo halikunitoka kichwani. Shayiri, maji na hamira tu, vinawezaje kutoa kitu chenye harufu ya zahanati, na chupa nyingine ya nchi hiyohiyo ikanukia asali? Nikaamua nitajifunza mpaka nijue.

Nilianza vibaya. Nilisoma kwamba sheria ya wiski ya Uskoti ya mwaka 2009 inataja maeneo matano: Highland, Lowland, Speyside, Islay na Campbeltown. Basi nikanunua vichupa sita vya sentilita 5 kutoka huku na huku, nikavionja vyote jioni moja. Kufika cha tatu ulimi umekufa ganzi. Asubuhi nikasoma nilichoandika kwenye daftari, nikakuta nimenakili maneno ya kwenye lebo: tufaha la kijani, biskuti, maua ya vilimani. Mengine ni vitu ambavyo sijawahi kuvinusa maishani.

Aliyenitoa hapo ni kaka mmoja wa Tanga, dereva wa basi hapahapa mjini, tunayejuana kwa sababu ya Kiswahili. Nilipomweleza akasema, "Dada, maembe huyajui kwa kula gunia zima. Chukua dodo moja na bolibo moja, kula hili, rudia lile. Utajua."

"Na wiski ni hivyohivyo, kaka?"

"Kwa nini isiwe?"

Tukawekeana utaratibu. Glasi mbili tu, Jumamosi ambayo kesho yake hakuna mwenye zamu. Kila glasi mililita 15, ninapima kwa bomba jipya la sindano la dukani, lisilo na sindano. Chini ya kila glasi kuna karatasi yenye namba, na anayemimina si anayeonja kwanza. Na sharti kubwa kuliko yote: glasi hizo mbili zitofautiane kwa jambo moja, mengine yafanane kadiri inavyowezekana.

Jozi ya kwanza ilikuwa Glenlivet na Auchentoshan, zote za miaka 12 kwenye pipa, zote zenye kilevi asilimia 40. Singo molti (wiski ya kimea cha shayiri ya kiwanda kimoja) nyingi za Uskoti hupikwa mara mbili kwenye mitambo ya shaba, lakini Auchentoshan, ambayo kiwanda chake kiko nje kidogo tu ya Glasgow, hupikwa mara tatu. Niliona wepesi wake. Sikuona zaidi ya hapo, na sikujilazimisha.

Jozi ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Zote Glenmorangie, kiwanda kimoja cha mji wa Tain, ambako mitambo ina kimo cha zaidi ya mita 5 na wenyewe huilinganisha na twiga mzima. (Mtanzania ukisoma hivyo lazima usimame kidogo.) Glasi moja ilikuwa ile ya miaka 10, iliyolala kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi wiski ya Marekani. Ya pili ilikuwa Lasanta, ambayo baada ya mapipa hayo huhamishiwa kwenye mapipa ya sheri, ile mvinyo ya Hispania. Ya kwanza nikanusa ganda la chungwa na maziwa yenye vanila. Ya pili nikaandika neno moja: halua. Kaka akaandika tende. Kilichobadilika hasa ni pipa. Nimesema mapipa, na sheria inataka yawe ya mti wa mwaloni, wiski ilale humo miaka isiyopungua 3, ndani ya Uskoti. Neno hilo lilinichekesha kwa furaha, maana kwetu Mwanza ukisema Mwaloni kila mtu anakuelewa: soko la samaki la Kirumba.

Tangu siku hiyo nikaacha maneno ya lebo. Daftari langu likajaa kashata, mua, zabibu kavu, iliki, ngozi ya viatu vya shule. Nayaamini kwa sababu nikiyasoma leo harufu inanirudia.

Kisha tukafika kwenye wiski za kisiwa cha Islay, na hapo nikagundua kwamba nilikuwa nimebeba kosa tangu mwanzo. Nilidhani wiski yoyote ya kisiwa hicho ni ya moshi. Kaka akaniwekea glasi mbili bila kusema neno. Moja ilikuwa nyeupe kama mvinyo uliotiwa maji, nikajua hiyo ni laini. Nyingine ilikuwa ya hudhurungi iliyokolea, nikajua hii ndiyo kali. Ile nyeupe ikanijia na moshi hadi puani. Ile ya hudhurungi haikuwa na moshi hata kidogo, ni njugu na zabibu na chumvi kwa mbali. Ningeapa imetoka Speyside. Alipofunua karatasi: Caol Ila na Bunnahabhain, zote za miaka 12, zote za Islay, viwanda viwili vya pwani ileile inayotazama kisiwa cha Jura.

Kinachozitenganisha ni kimea. Shayiri huloweshwa, ikaachwa ichipue kidogo, kisha ikakaushwa. Bibi yangu alifanya hivyohivyo na ulezi, akakianika kimea chake juani kwenye jamvi. Uskoti jua si la kutegemea, kwa hiyo hukaushwa kwa moto, na kisiwani ambako miti ni michache watu walichoma piti: majani na nyasi za kinamasi zilizooza kwa maelfu ya miaka, zikakatwa kama matofali na kukaushwa. Moshi wa piti hushika kwenye kimea na hautoki wote, si kwenye mtambo wala kwenye pipa. Kimea cha Caol Ila kimepita kwenye moshi huo. Kile cha Bunnahabhain hiyo ya miaka 12 hakikupita. Na rangi nilisadiki bure, maana hutoka kwenye pipa, na sheria inaruhusu hata kuongeza karameli ili ikolee.

Baada ya miezi mitano nikapanda kiti, nikaishusha Laphroaig juu ya kabati.

Safari hii nilijua pa kuanzia. Mililita 15, pua kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo ili kilevi kisichome. Kaka akanusa, akanyamaza, halafu akasema, "Huu ni mwani." Kwao Tanga wanawake hulima mwani baharini na kuuanika mchangani, na utoto wake wote aliupitia karibu na harufu hiyo. Mimi bado nilisikia ayodini. Hatukuwa mbali mmoja na mwenzake, maana mwani una ayodini ndani yake.

Nikachukua bomba, nikadondosha maji tone moja moja. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden walionyesha kwa kompyuta kwamba wiski ikiongezwa maji, gwayakoli, molekuli yenye harufu ya moshi, hupanda kuelekea juu ya glasi. Tone la kwanza sikuona kitu. Kufika la sita ayodini ilikuwa imerudi nyuma, na mbele yake ukaja moshi mtamu wenye mafuta na chumvi, moshi ninaoujua. Sato wa kubanikwa, jioni, kayabo, wale samaki wa chumvi, wamepangwa pembeni, mama anapatana bei.

Nikaandika kwenye daftari: Mwaloni.

Kaka akachungulia. "Pipa au soko?"

"Soko," nikamwambia, nikamsogezea glasi anuse tena.