Mbona Hamna Sisimizi?

Juzi Jumamosi nilimpeleka Kitinda kule uwanjani nyuma ya shule akajifunze gari. Ametimiza miaka 18 na haongei kingine. Akaketi, akafunga mkanda, akarekebisha vioo vyote vitatu kama rubani, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba taarabu, injini haina habari.

"Mama, gari imekufa."

"Haijafa. Kanyaga klachi mpaka chini, ndiyo uwashe."

Akakanyaga, likawaka. Akazima. Akajaribu bila kukanyaga, kimya. Akakanyaga, likawaka. Ndivyo alivyo huyu, haamini kitu mpaka akijaribu mara tatu. Kisha akanigeukia na lile jicho la baba yake.

"Ndiyo hii iliyonipigisha?"

Nikajifanya sijaelewa.

"Makombo ya Kobe, Mama."

Kobe, lile gari langu la zamani, wengine mnamkumbuka. Mwaka 2014, Ramadhani inakaribia, ndipo alipoanza kugoma. Hakugoma siku moja, alianza kwa deko. Asubuhi unazungusha ufunguo, kimya. Unakanyaga klachi kwa nguvu zaidi, kimya. Unakanyaga mara ya tatu na bismillahi juu yake, anawaka. Mimi nikaamini ni bismillahi. Wiki ya pili ikawa mara tano, mara sita, na kuikandamiza pedeli kama naua nge. Wiki ya tatu hakusikia dua wala mguu, mpaka vijana wa bodaboda wa pale kona waje kusukuma. Gia ya pili, klachi chini, wakishika kasi unaachia, Kobe huyoo. Kila asubuhi 2,000 ya soda. Ingekuwa Lushoto ningeegesha popote, mteremko ungenifanyia kazi bure. Tanga mjini mteremko unautafuta kwa tochi.

Katika wiki hizo hizo nikaanza kukuta makombo. Chini ya usukani, kwenye kapeti, upande wangu. Vipande vidogo vigumu, vyeupe vilivyoingia umanjano, vingine vina ukingo kama vimekatwa kwa jino. Kitinda alikuwa na miaka 7, na kila mtu wa hapa anajua mtoto wa umri huo akitoka shule ana nini mkononi. Kashata ya nazi. Na sheria ndani ya Kobe ilikuwa moja tu, hakuliwi. Nikafagia. Kesho yake nikakuta tena, nikafagia. Siku ya tatu nikamwita.

"Si mimi, Mama."

"Nani basi? Mimi naendesha huku natafuna kashata?"

Akainama, akaangalia kapeti kwa makini, akainuka.

"Kama ni kashata, mbona hamna sisimizi?"

Ninyi wa nyumba za vigae huenda hamlijui jambo hili. Kwetu ukidondosha punje ya sukari ukageuka kuitikia salamu, ukirudi sisimizi wameshaibeba na jeneza lake. Gari lilikuwa linalala chini ya mwembe, milango haifungi vizuri, na siku tatu mfululizo makombo yamo bila hata mdudu mmoja kuja kunusa. Lile lilikuwa swali, na lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kuhusu gari lile mwaka ule. Ila mimi sikusikia swali. Nilisikia mtoto ananijibiza, tena jirani yuko barazani anachambua mchele na masikio yote mawili yako kwangu. Mkono ukatangulia.

Mafundi nisiwachoshe nao. Wa kwanza alisafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto. Wa pili aliishusha stata, akabadilisha kaboni, akakaa nayo siku tatu, akairudisha. Gari lile lile. Nilipopandisha sauti akachukua bisibisi, akaunganisha nyaya pale pale kwenye stata, ikazunguka kama feni. "Umeona, Mama? Stata nzima." Nzima, na 85,000 yangu imeshakwenda. Wa tatu alikuja na mashine ya kupimia, akaichomeka chini ya usukani, akatazama kioo chake kwa heshima kama anayesoma barua ya serikali, akasema gari halina hitilafu hata moja. Kwa kuwa halina hitilafu, akapendekeza nibadilishe swichi ya ufunguo. Nikabadilisha. Nikabaki na funguo mbili, moja ya mlango na moja ya kuwashia, na gari la kusukuma.

Ndipo nikamlilia mdogo wangu wa Maskati. Wakati ule alikuwa anaendesha lori la kuvuta magari yaliyokwama, na mtu anayelipwa kwa ajili ya magari mabovu anayajua kwa kina. Nikamtumia sauti ndefu ya malalamiko kwenye WhatsApp. Akanirudishia fupi.

"Dada, acha kulia. Ukizungusha ufunguo, taa zinafifia?"

Hazififii.

"Unasikia tik yoyote?"

Hata tik.

"Fundi alipounga kwa bisibisi, stata ilizunguka?"

Kama feni, nikamwambia.

"Basi betri nzima, stata nzima. Amri ndiyo haifiki. Iko njiani, kuna mlango umefungwa. Sasa nikuulize, ukikanyaga klachi, nani anaiambia gari kwamba umekanyaga?"

Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilidhani gari linajua tu, kama mtu anavyojua ameguswa. Kumbe pale juu, nyuma ya pedeli, kuna swichi ndogo yenye kichwa kinachoingia na kutoka, kama kalamu ya kubofya. Pedeli ikifika chini inakibonyeza, umeme unapita kwenda stata. Isipobonyezwa, hata uwe na betri ya meli. Fundi wa mashine angeiita sensa, mdogo wangu akaiita swichi. Mashine haikuiona kwa sababu katika gari la umri wa Kobe waya huo hauendi kwenye kompyuta kabisa, unakwenda zake stata moja kwa moja.

"Toa gia, weka fri, vuta hendibreki," akasema. "Halafu ingia chini ukaitazame. Chukua tochi."

Nikaingia. Niliyasema haya siku moja kwenye harusi, watu wakadhani natia chumvi. Siti ya dereva nimeisukuma nyuma hadi mwisho. Mgongo uko kwenye siti, kichwa kimeshuka kwenye pedeli, miguu imepanda juu kwenye egemeo, dera limekusanywa na kubanwa katikati ya magoti kwa sababu mlango uko wazi na Tanga ina watu. Simu nimeing'ata kwa meno, mwanga unakwenda usipotakiwa, na mate yananitoka upande. Damu yote imeshuka usoni. Kulikuwa na harufu ya vumbi na mpira mkuukuu, na kwa mara ya kwanza nikaona tumbo la dashibodi: nyaya zimefungwa kwa tepu nyeusi, utando wa buibui, na hirizi ndogo ya ngozi ambayo hadi leo sijui ni ya mwenye gari yupi.

Nikaiona swichi. Ncha yake ya chuma ilikuwa inatazama mkono wa pedeli, na mahali pale ilipotakiwa kugusana nao pana tundu. Tundu la mviringo, sawa kabisa na unene wa ile ncha. Nikaisukuma pedeli kwa kiganja, taratibu. Mkono wa pedeli ukashuka, tundu likaifuata ncha, ncha ikapita katikati ya tundu ikatokea upande wa pili. Haikubonyezwa hata kidogo. Kwenye ukingo wa tundu kulikuwa kumeng'ang'ania kipande cha plastiki, kigumu, cheupe kilichoingia umanjano.

Nikakigusa, kikavunjika. Kikaniangukia shavuni.

Nilikaa pale nacho shavuni. Sijui ni dakika ngapi. Nilikuwa nimefagia kizibo cha klachi, kile kilichotakiwa kuziba lile tundu na kuibonyeza ncha, kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, wiki tatu, nikakimwaga chini ya mwembe.

Simu ikalia mdomoni. "Dada? Weka kidole kwenye hiyo ncha, uibonyeze mpaka ndani. Halafu mwingine awashe. Umehakikisha gia imetoka?"

Mwingine alikuwa mmoja tu nyumbani. Akaja. Hakuuliza kitu, siku zile alikuwa bado haniongeleshi sana. Akapandia upande wa abiria, akaniwekea goti tumboni kuufikia ufunguo.

"Nizungushe?"

Nikaitikia kwa pua, nikabonyeza.

Kobe akanguruma hapo hapo, juu ya uso wangu, pedeli zote zikatetemeka, buibui akakimbia. Sijawahi kuisikia injini kutoka pale. Kitinda akapiga kelele za ushindi, kisha akachungulia chini katikati ya usukani na siti, kichwa juu chini, akaona kile kipande kwenye shavu langu. Akakiangalia. Akaniangalia.

"Ndiyo kashata zangu hizo?"

Nilikuwa na simu mdomoni. Nimejitetea kwa hilo miaka 11 sasa, kwamba sikujibu kwa sababu nilikuwa na simu mdomoni.

Yaliyofuata hayana utamu sana, ingawa yalikula mwezi mzima. Kwanza nilibandika sarafu ya shilingi 200 juu ya lile tundu kwa supaglu, nikajiona mhandisi. Ikadumu siku nne, joto likaiachisha. Fundi mmoja akaweka bolti na nati. Kichwa cha bolti kilikuwa kinene, kikawa kinaigonga swichi yenyewe kila nikikanyaga, mpaka ikapasuka. Yule fundi hakushtuka. Akakata nyaya mbili za swichi, akazisokota pamoja, akazungushia tepu. "Tumeiunga dairekti, Mama. Hii haitakusumbua tena." Na kweli, Kobe akawa anawaka bila klachi, bila bismillahi, unagusa tu ufunguo.

Hendibreki yake ilikuwa haiaminiki, kwa hiyo usiku nilikuwa namwacha kwenye gia ya kwanza. Asubuhi moja nikazungusha ufunguo nimesimama nje ya mlango, mkono mmoja na mkoba, nataka tu apate moto wakati naaga. Kobe akaruka mbele kama mbuzi, akalipiga pipa la maji la jirani (yule yule wa mchele), akazimika. Pipa likabingirika hadi barabarani likimwaga. Hapo ndipo nilipoelewa swichi ile iliwekwa kwa ajili ya nani. Iliwekwa kwa ajili yangu.

Nikaagiza swichi Dar, ya mtumba, kutoka Gerezani, ikaja kwa basi ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kizibo kipya cha plastiki ambacho bei yake sitaitaja kwa sababu inaniuma kila nikikumbuka ile 85,000. Nikaifunga mwenyewe. Spana namba 14 kulegeza nati, zungusha swichi itoke, zungusha mpya iingie, kizibo unakisukuma kwenye tundu mpaka kinalia tak. Kazi iko kwenye kupima. Ukiisogeza mno kuelekea pedeli, gari linawaka umekanyaga nusu tu. Ukiiacha mbali, unarudi kwa vijana wa bodaboda. Robo mzunguko, jaribu, robo tena. Mara hii nilikuwa chini na Kitinda yuko kwenye ufunguo, tukawa tunaitana tu: "Washa." "Bado." "Washa." "Bado, Mama." Kobe alipouzwa miaka mitatu baadaye alikuwa anawaka kwa mguso mmoja.

Basi juzi pale uwanjani, injini inaunguruma na mwanafunzi wangu hajatia hata gia, tukabishana.

"Ulinizaba kibao cha shavu," anasema.

"Nilikugusa bega."

"Shavu. La kushoto."

Mimi nakumbuka bega. Nakumbuka pia kwamba ile jioni ya kwanza, Kobe alipowaka, nilitoka kwa miguu nikamnunulia kashata tatu, nikampa bila kusema kitu, akala barazani. Yeye kashata hizo hazikumbuki kabisa. Kibao anakikumbuka na upande wake, kashata hazimo. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Mama, muulize jirani." Jirani alihamia Korogwe zamani, na hata angekuwepo nisingemuuliza.

Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi kwa pupa, gari likarukaruka likazimika. Tukacheka. Mazungumzo yakaishia hapo.

Leo asubuhi nimekuta makombo. Gari hili jipya, upande wa dereva, vipande vyeupe vyeupe kwenye kapeti. Nilishafika nusu ya njia kwenda kuchukua ufagio. Nikarudi, nikafungua mlango nikauacha wazi, nikaketi kibarazani na chai yangu. Mahali lilipoegeshwa ni sakafu ya saruji, hamna mwembe, kwa hiyo nilijipa muda.

Saa nne hakuna kitu. Saa tano hakuna. Kuelekea adhuhuri msafara ukatokea kwenye ufa wa ukuta, mmoja mmoja, ukapanda tairi la mbele, ukaingia ndani.

Nimefagia. Sijamwita.