Betri ya moyo ya Mama: walitaka waya tatu, ikatosha moja

Naanza na shemeji yangu maana bado nina hasira naye. Tulipoambiwa Mama anahitaji betri ya moyo, kile kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua na kuupigisha moyo kwa waya zinazoingia ndani yake, alinijia juu: "Huyo ni mama, usimwekee cha bei rahisi. Chukua ya waya mbili." Binamu aliyeko Muscat naye akatuma sauti usiku: ya mbili imepitwa, siku hizi ni tatu. Shamba la minazi la marehemu Baba likaanza kutafutiwa mteja.

Na kufika hapo ilikuwa kazi. Mama alikuwa anaanguka. Anakuna nazi, ghafla kimya, mbuzi kule, yeye huku. Tukifika hospitali keshazinduka. Wanasema uzee, wanamtundikia dripu, tunarudi zetu Ngamiani, Tanga. Mwishowe akafungwa kile kimashine cha kurekodi mapigo kwa saa 24, tukaonywa kisilowe. Adhuhuri ilipoingia Mama akabandua waya zote kifuani, akakitundika msumarini pamoja na kanga, akatawadha, akaswali, akakisahau hapo hadi baada ya isha. Kesho yake mpimaji aliitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Kaka, huyu mama yuko hai?"

Mara ya pili nilitumia akili. Mjukuu wake wa darasa la nne nilimpa daftari na saa yangu ya mkononi: kaa na bibi kutwa, akishika ukuta andika saa, kila mstari shilingi mia mbili. Mistari miwili alijitungia ("bibi kapiga chafya"), lakini mmoja ulikuwa dhahabu: "Saa 5 na dakika 20 bibi kashika mlango kafumba macho." Kwenye rekodi, muda uleule, moyo haukupiga kwa sekunde 5.

Dar, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nikamwambia daktari tunataka ya waya tatu, pesa ipo. Haikuwepo. Akacheka, akachora moyo nyuma ya bahasha: vyumba viwili juu, viwili chini. Waya ya juu kazi yake ni kusikiliza pigo la juu ili ya chini ifuate. Vyumba vya juu vya Mama vinatetemeka ovyo miaka mingi na havitegemewi kutulia. Kuweka waya pale ni kutaka kumsikia mtu mmoja Kariakoo mkesha wa Idi. Waya ya tatu ni ya moyo uliochoka, ambao pande zake za chini hazisukumi kwa pamoja. Wa Mama unasukuma vizuri, ila unanyamaza. Moja ya chini inatosha: moyo ukichelewa, betri inapiga. "Angekuwa na vyumba vya juu vizima ila umeme haushuki chini," akasema, "ningekwambia mbili." Tofauti ya bei, nikikumbuka vizuri, ilikuwa pikipiki, tena si chakavu.

Nilichojisifia ni maswali yangu. Je, akihitaji kipimo cha MRI, kile cha sumaku kubwa, baadaye? Betri na waya vyote viwe vya aina inayoruhusu, si kimoja. Akipanda ngazi? Ipo yenye kihisi cha mwendo, inaongeza kasi yenyewe akitembea. Upande gani? Kwa kawaida huweka kushoto, chini ya mtulinga, lakini Mama ni wa mkono wa kushoto, nikaomba kulia. Walimchoma ganzi ya palepale tu, akawa anajadiliana nao bei ya nazi.

Dawa ya kuzuia damu kuganda hakuiacha, kwa sababu betri haiponyi ule mtetemeko wa juu, ambao ndio unaoweza kugandisha damu. Shemeji alishaanza: "Kawekewa betri, dawa za nini tena?" Tuligombana.

Simu kifuani nayo ilimshinda kuacha. Tuliambiwa ikae mbali na betri, sentimita 15 hivi, sasa anaifunga kwenye pindo la kanga. Juzi shemeji alikuja kumjulia hali, akauliza ziliwekwa waya ngapi. Mama hakupepesa jicho.

"Tatu."