Trei moja la mayai limekula kilo ngapi?

Nafuga kuku 20 wa mayai nyuma ya nyumba, hapa Makorora, Tanga. Hesabu inayoniambia kama wananilipa au nawafuga bure ni moja tu: kila trei limekula kilo ngapi za chakula.

Kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 20 ni kilo 2.4, kwa mwezi kilo 72. Wakitaga asilimia 80, naokota mayai 16 kwa siku, yaani trei 16 za mayai 30 kwa mwezi. Gawanya: kila trei limekula kilo 4.5. Zidisha kwa bei ya kilo ya chakula dukani kwenu, kisha linganisha na bei ya trei. Kinachobaki ndicho cha kulipia vifaranga, chanjo, maranda na ile miezi kama mitano ya mwanzo ambayo kuku anakula tu, yai hakuna. Kuku hao hao wakishuka hadi asilimia 50, trei moja linakula kilo 7.2, na hapo faida imeshaliwa.

Kwa hiyo kila jioni naandika mayai kwenye daftari. Kuku wakishatimiza mwaka wa kutaga huanza kupunguza mayai, na trei likifika kilo 6 nawauza kwa nyama. Shangazi yangu hakupendezwa.

"Mwanangu, yai bado unalipata, unawauzaje?"

Nikamfungulia daftari, tukapiga hesabu pamoja. Akasema, "Basi kesho uje na mizani, tuwapimie na wangu."

Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti, chokaa ya mifugo, vitamini na madini ya dukani, na dagaa. Dagaa Tanga hatuna shida nao, ila waangalie. Walioanikwa chini huja na mchanga, na mchanga unauziwa kwa kilo. Mimi nachukua konzi moja, natia kwenye beseni la maji, navuruga kwa mkono, nasubiri. Dagaa wanaelea, mchanga unatua chini, unauona kwa macho yako unachotaka kulipia. Wala usiwazidishe, maana mayai yatanuka shombo.

Ugonjwa wa kideri hauna mzaha, unafagia banda zima. Nachanja kila miezi 3. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wangu na kikishafunguliwa hakiwekwi, hivyo tunachanga majirani na kuchanja siku moja.

Wakati wa joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, kuku wanatweta midomo wazi, hawali vizuri, na maganda ya mayai yanakuwa mepesi. Chakula nawapa alfajiri na baada ya alasiri, maji nayabadilisha mchana yasipate moto. Gharama yake ni nguvu zangu tu, lakini mayai yanayopasuka yamepungua sana.

Wateja wangu wakubwa ni akina mama wanaopika mkate wa mayai na katlesi, na Ramadhani hadi Idi ndipo wanaponisumbua hasa. Vifaranga naagiza miezi 7 kabla ya mfungo, ili kuku waukute wakiwa kwenye kilele cha kutaga. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na tarehe yangu ya kuagiza vifaranga inarudi nayo.