Kabla hujapandisha saizi ya tairi za kempavani (gari la kusafiria na kulala ndani)
Ukitoka 225/75R16 (upana milimita 225, ubavu asilimia 75 ya upana, rimu inchi 16) kwenda 245/75R16, kipenyo kinapanda kutoka milimita 744 hadi 774, kama asilimia 4. Gari linainuka milimita 15 tu (nusu ya hiyo 30, wengi husahau), na spidomita iliyokuwa sahihi ikisoma 100, mwendo halisi ni 104.

Ila kinachoponza ni uzito. Soma namba ya mzigo ubavuni mwa tairi: 121 ni kilo 1,450 kwa kila tairi, 120 ni kilo 1,400. Usishuke chini ya ile ya kiwandani, maana kempavani haitembei tupu.

Jaza tangi la maji, pakia vyote, kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, ukirudi nyuma pia. Mara nyingi tairi hukwaruza kwanza plastiki ya ndani ya madigadi. Na spea, itaingia mahali pake?