Dashibodi ya babu: nilivyojua ni ya gari gani

Hii kitu ilikaa chini ya kitanda cha shangazi Mikindani miaka na miaka, imefungwa kwenye gunia la korosho. Babu alikuwa dereva, alifariki mimi sijazaliwa, na kwetu hakuna hata picha moja ya gari alilokuwa anaendesha, kimebaki hicho kipande cha bati chenye mita mbili za mviringo na matundu ya swichi. Shangazi anasema lilikuwa gari dogo la misheni, baba mdogo anabisha kwamba lilikuwa lori la Bedford la kubebea korosho, na wote wawili enzi hizo walikuwa watoto. Nikasema lazima nijue, maana nikilijua gari ndo nitajua babu alikuwa anashinda kwenye kazi gani.

Kwenye mita ya spidi pameandikwa SMITHS, basi nikazunguka gereji za Mtwara mjini karibu wiki mbili naulizia gari linaloitwa Smiths. Hakuna aliyelijua na haliwezi kujulikana, kwa sababu Smiths ilikuwa kampuni ya Uingereza ya kutengeneza mita, ikawauzia wenye viwanda vya magari wengi tu wa kwao. Jina la kwenye mita sio jina la gari jamani, hapo unachopata ni nchi basi, kama vile ukikuta VDO unajua ni mita ya Mjerumani na ukikuta Veglia ni ya Muitaliano.

Nikaamua kuisafisha vizuri niisome. Fundi mmoja akanipa tina ya kuyeyushia rangi, nikajaribu kidogo pembeni ya kioo kilipopasuka na herufi nyeupe zikaanza kutoka na kitambaa, nikaacha palepale moyo unaenda mbio. Baada ya hapo ni maji ya sabuni na mswaki laini tu, tena taratibu, siku tatu. Chini ya mshale ikatokea namba ndogo inayoanza na SN na pembeni yake namba nyingine, na spidi yenyewe ni ya maili. Ile mita ya pili nilikuwa nadhani ni ya joto, kumbe nusu yake ni ya mafuta na nusu ni ya chaji, ina sifuri katikati, minus upande huu na plus upande ule. Nyuma ya swichi ya funguo kuna LUCAS, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, namba ya tarakimu tano, halafu peke yake 3 64. Hiyo 3 64 nilidhani ni saizi ya kitu fulani.

Rafiki yangu wa Masasi akaniambia babu yake alikuwa fundi wa magari tangu enzi za ukoloni, nikapanda basi asubuhi na gunia langu mapajani. Nikamwamkia mzee, akapokea ile dashibodi hata hajaiangalia sana, akapitisha kidole gumba kwenye vitundu viwili vya chini ambavyo mimi niliona ni mahali pa skrubu. Akasema, "Mjukuu wangu, hii Land Rover. Hapa tulikuwa tunachomeka taa ya mkononi, gari likikufia usiku porini unamulika injini." Akakwangua uchafu kwa ukucha, kimoja kikatokea chekundu, kingine cheusi. Kile kishikio kidogo kinachozunguka funguo akanionyesha, S taa ndogo, H taa kubwa. Na 3 64 ni mwezi wa tatu mwaka 1964, Lucas walikuwa wanagonga tarehe kwenye vitu vyao.

Akanipangia na mengine. Dashibodi hii ilikuwa inakaa katikati ya gari, na mita kukaa hapo maana yake ni kabla ya Series III, toleo la Land Rover lililotoka 1971, hilo ndo ilihamishia mita mbele ya dereva. Kwa hiyo na ile tarehe hapo ni Series IIA, toleo la kabla yake. Kilichobaki ni fupi au ndefu, 88 au 109, yaani inchi kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Ile namba iliyo pembeni ya SN ni mizunguko ya waya wa spidi kwa maili moja, na 109 ilikuwa inavaa tairi kubwa, 7.50 kwa 16, wakati 88 ilikuwa na 6.00 kwa 16, tairi kubwa inazunguka mara chache kwa hiyo mita zao haziingiliani. Mzee akampigia mtu wa Newala ambaye bado ana 109 ya zamani imekaa kwenye mawe, akamwambia apanguse kioo asome. Namba zikalingana.

Nikampigia shangazi palepale, nikamwambia ni Land Rover ndefu. Akakaa kimya. Halafu akauliza, "Ina kitundu chekundu chini? Nilikuwa naingiza vijiti vya kiberiti humo, baba ananifinya sikio."

Na kwenye gunia hivyo vitundu vilikuwa vimejaa udongo mweusi tupu, rangi haionekani.