Kibandiko cha Mota Kisomwe Kwanza
Kabla ya kununua baiskeli ya umeme katika duka lolote la Nairobi, mimi huinama nisome kibandiko cha mota, kwa sababu sheria za nchi nyingi huanzia hapo. Katika Umoja wa Ulaya, ile yenye nguvu ya kudumu isiyozidi wati 250, inayomsaidia mpandaji anapokanyaga pedali tu na kuacha kumsaidia ifikapo kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida. Marekani, katika sheria ya usalama wa bidhaa, ni wakarimu zaidi: chini ya wati 750.

Kinachonitia wasiwasi ni betri. Baada ya mioto mingi, jiji la New York lilipiga marufuku mwaka 2023 uuzaji wa betri zisizothibitishwa na maabara, na sioni kwa nini muuzaji wa hapa, hodari wa kutaja bei, asidaiwe cheti kama hicho.