Mzigo upo, shida ni vichwa vya treni

Watu wakiongelea TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, utasikia ilikufa kwa sababu mzigo ulihamia barabarani, hapo mimi huwa nabisha. Nenda Tunduma mpakani uone foleni ya malori yanayotoka na shaba Zambia na Kongo, mzigo upo tena wa kumwaga, sema mwenye shaba hawezi kukaa wiki nzima anasubiri behewa ambalo halina kichwa cha kulivuta.

Reli yenyewe ni kilomita 1,860, Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, Wachina wameijenga kuanzia 1970 kwa mkopo usio na riba, ikakabidhiwa 1976. Ilipangwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kufika hapo, ilipojitahidi sana ni tani milioni 1.2 na kitu mwishoni mwa miaka ya 70, halafu ikawa inashuka mpaka 2014/15 ikabeba chini ya laki moja. Laki moja jamani, kwa reli ya nchi mbili!

Kinachoua ni mzunguko. Kichwa kikiharibika spea hakuna, kinanyofolewa vifaa kuokoa kingine, vichwa vinapungua, mteja anampigia mwenye lori, hela haiingii, njia haitengenezwi, pale mataruma yanayobeba vyuma vya reli yalipochoka treni inaamriwa itambae, safari ya siku mbili inakua nne, behewa lile lile linaenda na kurudi mara chache kwa mwezi na hela inazidi kupungua. Na kipande cha Mlimba mpaka Makambako hakisamehe kabisa, ni mahandaki na madaraja yamefuatana mlimani, mvua ikinyesha udongo unaporomoka juu ya reli, vile vichwa vya mwanzo vilizidiwa na ule mlima ikabidi miaka ya 80 vije vyenye nguvu zaidi.

Halafu kuna hili watu hawalisemi. Mwenye lori akishalipa tozo kwenye mafuta kamaliza, shimo likitokea ni kazi ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Reli inatakiwa ibebe mzigo na hapo hapo ijitengenezee njia yake, madaraja yake, ishara zake, kwa hela hiyo hiyo ya nauli. Mashindano gani hayo?

Anayeumia zaidi hata sio mwenye shaba. Masika barabara za kule bonde la Kilombero zinakua tope tupu, unamkuta mama stesheni ya Mlimba kakalia magunia yake ya mchele toka asubuhi, mtoto mgongoni, treni ikichelewa analala pale pale na bei ya mchele anakoenda haimsubiri.

Sasa 2025 umesainiwa mkataba na CCECC, kampuni ya ujenzi ya Wachina, waikarabati reli na kuiendesha, dola bilioni 1.4, miaka 30, vichwa vipya 32 na mabehewa ya mizigo 762. Nimefurahi kweli, sio siri. Ila 1976 pia vitu vyote vilikua vipya vinang'aa. Ninachotaka mimi ni hela ya kokoto, mataruma na spea itengwe kila mwaka kabla mtu yeyote hajagawana faida, na treni ya abiria ya Mlimba iendelee kwenda hata kama shaba inalipa mara kumi yake.